Wali Ulionukia Asumini

Jumatatu usiku, Machi 1983

Mimi sina kosa. Kosa ni la duka la kaya, ambalo halijaleta mafuta ya kula tangu mwezi uliopita.

Mama alikuwa huko huko kwenye foleni, akaingia kaka wa mchumba wa dada Mwanaidi, katoka Tongoni kwa baiskeli, njaa imemkaa usoni. Ndani kuna kiporo cha wali, kipande cha papa mkavu na nyanya zilizolegea. Nikamwambia, "Keti, shemeji. Mpishi kama mimi Tanga nzima hayupo."

Chini ya kitanda cha Mwanaidi nikaona chupa ya mafuta ya nazi. Nikayamimina yote, nikakaangia kitunguu, nikatupia nyanya, papa na wali, nikageuza upesi upesi. Bingwa.

Mgeni akatia tonge, akasita. "Shemeji, wali wenu mbona unanukia bibi harusi?"

Kumbe yale ni mafuta ya arusi, kayapika Mwanaidi mwenyewe na kuyarowekea asumini. Mara akarudi, akatoka jikoni na chupa tupu. "Ijumaa naolewa. Nijipake nini, sifa zako?"

Nikamwahidi nitampikia mengine.

Basi kesho nakalia mbuzi nikune nazi uani, wavulana wenzangu wote wakinichungulia, kisha niende Raskazone kuomba asumini kwenye nyua za watu. Na harufu isiposhika kabla ya Ijumaa…

Mgeni naye kala sahani yote. Hakunibakishia hata ukoko.