Maji ya Kijani Uliyoyachemsha

Mama,

Nimetoka ziwani sasa hivi, nimekaa hapa barazani kwetu Bukoto na matope bado miguuni. Nina habari ambayo nilitaka uisikie ukiwa hai.

Ule mwaka tuliotoka Kongo, tulipopanga chumba kule ufukweni, maji ya ziwa yalikuwa ya kijani kama majani ya muhogo yaliyotwangwa kwa sombe. Mdogo wangu Amani alitapika siku tatu, macho yakawa ya manjano. Mama Jeanne, jirani yetu, akasema mbele ya watu, "Huyu mwanamke hachemshi maji." Ulikuwa unachemsha, Mama! Makaa nilikuwa nakununulia mimi. Lakini uliingia ndani tu, ukachemsha tena. Amani alipona, ila tangu siku ile ulikuwa ukitupatia maji ya kunywa kwa wasiwasi.

Ni kazi yangu ya maabara iliyonifungua macho. Ukijani ule wa maji ni mwani, nao hutoa sumu ambayo moto hauiondoi. Ungechemsha mpaka kesho. Nilipojua hivyo ulikuwa umeshalazwa hospitalini, huongei. Nilikunong'oneza sikioni. Sijui kama ilifika.

Sasa sikia. Kule maabara tunapaka shanga za kioo unga mweupe, tunazijaza kwenye mirija, tunaiweka juani juu ya paa. Maji yakipita humo, mwanga wa jua huuamsha ule unga, nao huivunjavunja sumu, bila wenyewe kuisha. Miezi mingi tulishindwa. Maji yalikuwa mazito, mwanga haupenyi. Ndipo nikakukumbuka ukichuja maji kwa kitenge kilichokunjwa mara nne: "Usiyakimbize, yatakuja yenyewe." Wenzangu walicheka, halafu wakakunja kitenge. Jumanne tukapima. Asubuhi sumu ilikuwepo; alasiri kipimo hakikuiona tena. Nililia mbele ya mkuu wangu, sikuona haya.

Asante, Mama. Asante kwa uvumilivu wa mikono yako. Mimi nilisoma, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kungoja maji.

Leo nilikwenda kuwaeleza wanawake wa ufukweni. Niliwaambia ukweli: mirija bado ni michache, haitoshi hata mtaa mmoja. Mama Jeanne alikuwepo, amezeeka. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Aliposikia kwamba moto hauiondoi sumu, akasema, "Nilimkosea mama yako. Mwaka uliofuata Jeanne wangu aliugua vilevile. Na mimi nilikuwa nachemsha." Hakuwahi kumwambia mtu. Nilimshika mikono, hasira zote zikaniisha.

Pumzika, Mama. Hukukosea hata siku moja. Amani ana afya, anakusalimu kila tukila pamoja.

Nami nakuahidi hivi: mtoto akiugua ufukweni, sitamuuliza mama yake kama alichemsha maji kabla sijayapima maji yenyewe.

Binti yako anayekushukuru,
Neema