Mkono Wako Kwenye Goti la Mzee Ndevu

Eli mwanangu,

Ni mama. Nakuandikia hapa Guangzhou, nimekaa juu ya marobota yangu barabara ya Zhanqian. Mwandiko wangu unaujua, utauvumilia. Nina habari mbaya, na aliyeifanya ni mimi.

Unakumbuka nilivyokusumbua kwenye simu? "Usijipige picha peke yako baba, simama na mtu mkubwa wa huko, watu waone." Ukacheka. Ukasema watu wakubwa wa mji wako huko Marekani wote ni sanamu. Basi ukasimama na yule aliyeuanzisha mji, ameketi kwenye kiti cha shaba. Mzee Ndevu, ulimwita. Ukamwekea mkono gotini kama babu yako. Ukaniandikia kwamba alijenga kinu cha unga pale mtoni, akawafukuza kwa bunduki wale aliowakuta, na mji ukamtengenezea sanamu. Na yule mama aliyefundisha watoto weusi kusoma chini ya kanisa ana kibao kidogo tu nyuma ya stendi. Nikakuuliza mbona hukusimama na huyo mama. Ukasema, "Kibao hakitoki vizuri kwenye picha, mama."

Halafu gari likateleza kwenye barafu, likakufuata kituoni ukisubiri basi. Wakakuzika hukohuko. Nyumbani Same hakuna aliyekuona, hata jeneza. Nikasema kwenye arobaini watu wavae fulana zenye sura yako, angalau wakuone ulivyokuwa mwanaume mzima.

Picha nikampa laoban, ndivyo tunavyowaita wenye maduka hapa, huyu anachapa fulana. Kichina sina. Niligusa picha, nikagusa kifua changu. Akaitikia sana. Robota nikalipokea limeshashonwa, nikakimbilia uwanja wa ndege, sikulifungua. Nilikuwa na wasiwasi arobaini isinipite, mwanangu.

Nililifungua uani kwetu Same, mbele ya watu wote na katekista. Fulana sitini, zote Mzee Ndevu. Laoban alichagua mtu mkubwa. Wewe alikukata kwa mkasi. Umebaki mkono, kuanzia kiwiko, juu ya goti lake.

Watu wakazigeuza huku na huku. Kisha shangazi yako Nakijwa, unaujua mdomo wake: "Wifi, kumbe baba wa mtoto ni huyu? Ndiyo maana kaka yangu alikufa mapema." Wakacheka, Eli. Kwenye arobaini yako. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nikaenda kutapika nyuma ya banda la mbuzi. Na bado walizivaa, kwa kuwa ni za bure. Nakijwa analimia yake.

Niliporudi huku nilikwenda moja kwa moja kwa laoban kudai kipande chako cha picha. "Meiyou," akasema. Hakuna. Akanionyesha ukutani, amefurahi: Mzee Ndevu ametundikwa kwa rangi tano. Anauzika. Kijana mmoja wa Kariakoo alikuwa anabeba marobota matatu ya fulana hizo. Akaniuliza, "Mama, huyu mzee nani?" Nikamwambia, ndiye aliyeanzisha mji fulani Marekani. "Na mkono huu wa nani?"

Nikasema sijui.

Nilisema sijui, baba. Ndiyo maana naandika.

Lala sasa, hukohuko kwenye barafu lala. Mimi kuanzia leo, nikimwona mtu na fulana hiyo, iwe hapa au Kariakoo, nitamshika nguo nimwambie mkono huo ni wa Eli, nimeuzaa mimi. Waniite kichaa.

Mama yako