Vidole Visinyooshwe

Jumanne, 28 Februari
Nimeshika! Nimeshika jamani! Kifuniko cha chupa, sekunde nne nzima, bila mkanda wa kunifungia vitu mkononi, bila msaada wa mtu! Eivind – ndiye anayetufundisha kutumia mikono upya hapa hospitalini – alipiga kelele mpaka muuguzi akachungulia. Vidole vyangu havina nguvu wala hisia tangu Desemba, nilipoanguka kutoka paa la banda nikiondoa theluji na kuvunjika shingo. Lakini kifundo cha mkono kinainuka. Na nikikiinua, kano za vidole, kwa kuwa ni fupi, zinakazika na kuvivuta vijikunje vyenyewe. Nikikishusha, vinafunguka. Basi! Siri yenyewe ndiyo hiyo. Eivind anasema ufupi huo niutunze kama mboni ya jicho.

Alhamisi, 2 Machi
Kijiko. Mswaki. Na kalamu hii – mwandiko kama kuku kaparura, lakini wangu! Halmashauri itamtuma mtu tarehe 31. Nikiweza kujiandalia kifungua kinywa, narudi nyumbani kwangu, kwa mbuzi wangu. Nikishindwa, napewa chumba kwenye nyumba ya wazee. Nina miaka thelathini na sita! Sitaki, sitaki, sitaki.

Jumapili, 5 Machi
Mama kaja na basi la asubuhi. Kaniletea glavu za sufu za vidole vitano, kazifuma mwenyewe. Alipoona mikono yangu ilivyojikunja, machozi yakamlenga. "Gunnvor mwanangu, mbona kama makucha?" Akakikunja kifundo kwa nyuma, akavinyoosha vidole kimoja kimoja mpaka glavu ikaingia. Alivyofurahi! Sikuwa na moyo wa kumkataza. Dakika chache tu, zitadhuru nini.

Jumapili, 12 Machi
Mama tena, glavu tena. Mara hii zimeingia kirahisi. Saa nzima ananinyoosha huku ananimwagia umbea wa kijijini – nani kaachana na nani, mchungaji kanunua boti. Raha! Siku hizi anakuja hata katikati ya wiki.

Jumanne, 14 Machi
Kijiko kimeanguka. Mara tano. Nainua kifundo, vidole vinaning'inia tu. Eivind akaushika mkono, akaugeuza, kisha: nani anavinyoosha? Nikasema hakuna. Mtu mzima naongopa kama mtoto! Akasema kano zikilegea, kifundo kitainuka bure, hakuna kitakachovutwa. Hapo nikasema kweli. Kavifunga vidole kwa plasta vikiwa vimekunjwa, usiku na mchana, nifunguliwe wakati wa mazoezi na nikitaka kuandika tu, kalamu ikifungwa kwa mkanda. Huenda kano zikarudi kufupika. Huenda! Nimelia kwa hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu. Nilijua.

Jumapili, 19 Machi
Nimemwambia. "Mama, unaninyang'anya mkono." Limetoka kali kuliko nilivyotaka. Akakunja glavu polepole. Akauliza, kwa hiyo vidole vibaya ndivyo vizuri? Ndiyo, Mama. "Na wewe ulijua, ukaniacha tu?" Nilikuacha. "Mtu mzima hovyo!" akasema. "Hilo nalo umenirithi mimi." Tulicheka mpaka plasta ikabanduka, ikabidi aitwe muuguzi.

Jumatatu, 27 Machi
Mshiko umerudi! Si wote, lakini upo! Leo tumejaribu kikwanguo cha jibini, kile cha kukatia vipande vyembamba, mpini Eivind kaunenepesha kwa sponji. Kipande cha kwanza cha jibini ya kahawia kilitoka kinene kama tofali. Nimekila chote, makombo na yote. Siku nne zimebaki.

Ijumaa, 31 Machi
Bi Turid wa halmashauri kaja na faili lake na uso wa hakimu. Mama kaomba kuketi mezani. Mkate – sawa. Jibini – kikwanguo kikateleza, kikagonga sahani. Mara ya pili, kikateleza tena. Mama akakalia mikono yake! Haki ya Mungu, kaikalia! Mara ya tatu kikapita! Kipande chembamba, kizima, nikakiweka juu ya mkate, nikampa Mama. Nilitaka kupiga vigelegele. Bi Turid hakutabasamu hata kidogo. Akamgeukia Mama: akirudi nyumbani, si utakuwa unamkatia wewe?

"Mimi?" Mama akasema, mdomo umejaa. "Mimi nitakuwa naenda kukatiwa."

Sasa Bi Turid na Eivind wako koridoni, mlango umefungwa. Nasikia sauti, maneno siyasikii. Sauti ya Eivind inapanda. Mama kasukuma sahani yake tupu mbele yangu. Anasema kipande kimoja hakimshibishi mtu aliyeamka alfajiri kuwahi basi. Mkono huu hauwezi kushika kalamu na kikwanguo kwa pamoja, kwa hiyo –