Alama ya Kidole Ukurasa wa Tatu

Baba,

Kesho saa nne natakiwa benki hapa Wheaton, Marekani, niape mbele ya afisa wao wa viapo. Chai nimeimwaga mara mbili.

Ni mambo ya Anko Ramesh, rafiki yako wa kiwanda cha rangi za vitambaa kule India. Tangu tukuzike, kampuni moja kubwa imemshtaki. Wanasema ile njia yake ya kutia asidi mwisho badala ya mwanzo ina hataza, ni yao peke yao, na waliiombea Februari ya mwaka ule tulioishi huko. Njia uliyombunia wewe! Akishindwa, anafunga kiwanda.

Wakili wake anasema jambo likishachapishwa popote, kwa lugha yoyote, haliwezi tena kuitwa jipya. Na wewe kwa kupenda kwako kujisifu ulikuwa umelieleza lote kwa Kiswahili, katika kijarida chako cha wanafunzi wa Afrika Mashariki. Jalada linasema Januari. Nakala iliyobaki ninayo mimi. Wanataka niape kwamba tulikigawa mwezi huo.

Lakini Baba, kijarida chako kiliwahi lini kutoka kwa wakati? Hata siku ya kukuaga, gari lako lilifika kanisani saa nzima baada yetu, watu wakacheka huku wanalia.

Toleo lile nalikumbuka. Nilikuwa nimetoka kurushiana rangi za Holi, ile sikukuu ya Wahindi, na watoto wa jirani, nikakaa kukunja karatasi bila kunawa vizuri. Ukanigombeza, "Huoni unanichafulia kazi?" Holi ile ilikuwa Machi, kampuni ikiwa imeshaomba hataza yake. Alama ya kidole changu bado ipo ukurasa wa tatu, ya waridi. Kwenye fotokopi niliyompelekea wakili imetoka doa la kijivu tu, na hakuna aliyeuliza.

Mama anasema, "Sign tu, Njeri. Cover si imeandikwa January? Ramesh alitulisha mwaka mzima."

Ni kweli alitulisha. Ndiyo maana silali. Naogopa kumwangusha, naogopa kuapa uongo, na kazini namvisha soksi bibi ninayemtunza hadi ananiuliza kwa nini mguu mmoja una mbili.

Nimeamua, nikaogopa, nikaamua tena. Nitapeleka nakala yenyewe na nitasema Machi. Halafu nitampigia Anko Ramesh mimi mwenyewe, asilisikie kwa wakili kwanza. Nitakachomwambia sikijui.

Nimekukasirikia leo, Baba, na nimekukumbuka mno. Wiki chache tu. Mara moja tu ungewahi.

Pumzika sasa. Kesho nitafika mapema, nakuahidi, kabla sijabadili nia.

Binti yako,
Njeri