Kijumba cha Njano

Kwako mdogo wangu, tulionyonya ziwa moja,

Umeamkaje huko? Goti lile bado linakupa taabu ukiinuka, au limekuhurumia? Mimi mzima, ila meno yamebaki matatu, nayo yanasalimiana kwa mbali.

Mwandiko usikushtue. Maneno ni yangu, mkono ni wa Chiriku, mjukuu wangu, ambaye tangu msiba wa mumeo hutaki hata kumsikia. Nimemwambia aandike kila nitakalosema, asipambe wala asipunguze. Usiichane barua kwa ajili ya mkono. Isome mpaka chini.

Pale msibani walisema mashine ya Chiriku ndiyo iliyomuua shemeji, nawe ukaamini. Ngoja nikueleze hiyo mashine.

Nimepika jikoni hospitalini miaka ishirini na sita. Chiriku alipoajiriwa ofisi ya kumbukumbu, alinionea huruma nilivyokuwa nasubiri karatasi za wodi mpaka uji unaganda. Akanitengenezea jedwali kwenye kompyuta ya jikoni. Juu kuna kijumba kimoja cha njano. Unaandika mle namba ya wodi, halafu unabofya kitufe cha kijani. Kompyuta inaingia ghalani kwake, inachambua wagonjwa wa hospitali nzima, inakuletea wa wodi hiyo tu: kitanda hiki asile chumvi, hiki apewe uji, hiki asipewe kitu. Unaichapa karatasi, wabeba trei wanaisoma na kugawa kitanda kwa kitanda. Namba nazijua, vipimo vya unga vilinifundisha. Herufi ndizo hazijanijua.

Alinionya, tena kwa kurudiarudia kama ada yake, kwamba namba peke yake haitoshi. Usipobofya kitufe, orodha ya chini inabaki ya ile wodi uliyoiuliza kabla. Nikamwambia nimelea watoto sita, kitufe hakinishindi.

Asubuhi ile, karatasi iliyopelekwa wodi ya saba ilikuwa na saba juu, lakini orodha chini yake ilikuwa ya wodi ya nne. Kitanda cha tisa cha wodi ya nne kilikuwa cha uji. Kwenye kitanda cha tisa cha wodi ya saba alilala shemeji, anangoja upasuaji, anatakiwa awe na tumbo tupu. Mbeba trei aliniambia baadaye kwamba shemeji alicheka, akasema kumbe leo wamemkumbuka, akakomba bakuli. Madaktari hawakumuuliza kama amekula. Hilo ni lao. Kule kwenye upasuaji uji ulipanda ukaingia mapafuni, na siku ya pili wewe ukaitwa mjane.

Wakubwa wakaja jikoni na ile karatasi. Chiriku akaandika saba mbele yao, akabofya kitufe, ikaja orodha ya kweli. Wakasema ndiyo mbaya zaidi, jedwali linalosema kweli leo na uongo kesho. Chiriku akanitazama mara moja tu. Halafu akawaambia jedwali ni lake na kosa ni lake. Wakamfukuza kazi siku hiyo hiyo. Alipokuja kwako kukupa pole, ukamgeuzia mgongo mbele za watu. Mtoto yule, mwenye mdomo usiopumzika, sasa anaweza kumaliza siku nzima bila neno.

Mdogo wangu, kaa chini kama umesimama.

Aliyeandika saba ni mimi. Maziwa yalianza kufurika, nikakimbilia sufuria. Niliporudi nikaona saba imekaa kwenye kijumba chake, nikadhani kazi imekwisha, nikaitoa karatasi. Kitufe sikukigusa. Maandishi yaliyokuwa chini sikuweza kuyasoma, basi sikujua nimeshika wagonjwa wa wodi ipi. Nilijua pale tu Chiriku alipobofya mbele ya wakubwa na orodha ikabadilika. Nilisimama na mwiko mkononi, nikanyamaza. Sikuogopa kufukuzwa. Nilikuogopa wewe.

Hapa Chiriku ameweka kalamu chini, anasema niache, yamekwisha. Kumbe alijua tangu siku ile. Nimemwambia mficha uchi hazai, ashike kalamu. Ameishika, na karatasi ikiwa na madoa ujue ni yake, mimi macho yangu makavu siku hizi.

Kesho nakwenda kwa mganga mkuu wa hospitali kumwambia haya. Ijumaa nakuja kwako pamoja na Chiriku. Sikuombi unisamehe, kwa maana mimi ningekuwa wewe sijui kama ningeweza. Ukitaka kunifungia mlango, nifungie, nitakaa barazani mpaka jioni nirudi zangu. Lakini huyu mtoto mfungulie, umwite kwa jina lake, umpe maji ya kunywa.

Wasalimie wanao, mkubwa kwa mdogo. Shemeji alale pema.

Ni mimi dada yako, na dole gumba langu hili hapa chini.