Rwamba, Nimekata Blanketi Yako

Mwanangu Rwamba,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Naanza na baba yako. Yuko, goti lake ni lile lile, asubuhi analipasha jua mpaka lilegee ndiyo aende kwa mbuzi. Jina lako bado linamshinda kutaja. Akitaka kukutaja anasema "yule wa farasi". Cucu, nyanya yako, anakusalimu, macho yamepungua lakini masikio yanasikia hata yasiyomhusu. Kaka yako Njeru anakusalimu, na mke wake Wawira, na mtoto wao ambaye ameota meno mawili ya chini na anauma kila mtu. Mbuzi mweusi alizaa pacha. Ndengu zilikauka zikiwa na maua, kwa hivyo hizo hazina salamu. Chifu, punda wako, anakusalimu pia, na ni kwa ajili yake nimeshika kalamu. Usiangalie mwandiko, unajua shule mimi niliichungulia tu.

Wacha niseme jambo lenyewe kabla sijaogopa. Nimekata blanketi yako. Ile ya sufu, nzito, ya kijivu, uliyorudi nayo kutoka Timau, kwenye kazi yako ya farasi. Na nilikuwa nimeapa mbele ya baba yako kwamba hiyo haiguswi na mtu.

Ngoja nikueleze, usikasirike kwanza.

Siku ya kukuzika watu walikuwa wengi kuliko sufuria. Ile nguo ya mgongo ya Chifu, ile kuukuu ya farasi waliyokupa huko kazini, ilikuwa imeanikwa kivulini vile uliiacha. Akina mama wa jikoni wakaona kitambaa kinene, wakakitumia kuepua sufuria. Hawakujua. Nilikipata kimeungua katikati na kimegandiwa na mafuta ya nyama, kigumu kama ubao. Siku kama ile utaanzaje kulia juu ya nguo ya punda?

Lakini maji hayangoji mtu amalize matanga. Kisima cha hapa karibu kilikauka, sasa tunaenda kile cha mradi, na wewe unajua kile kilima. Nikamwekea Chifu magunia ya nailoni, mawili. Nikaona bado. Nikaongeza kipande cha godoro, kisha kingine juu yake. Mimi nilifikiri ukizidisha unene ndiyo huruma. Njeru akacheka, "Mama, huyu anaenda kisimani ama anaenda kulala?" Mzigo ukawa unayumba, mitungi inavutana, upande mmoja chini, upande mmoja juu. Kabla ya mwezi kuisha manyoya yalikuwa yametoka pale juu ya mabega, halafu ngozi, halafu nzi. Siku niliyoinua gunia na likanyanyuka na kitu, Rwamba, nilikaa chini hapo hapo kwenye kinyesi.

Njeru alisema auzwe kwa wale wanaozunguka wakitafuta punda wa kuchinja. Si kwa ubaya, alitaka tununue mwingine mzima, mtoto wake anahitaji maji. Nikamwambia huyo punda haendi popote. Nikawa namwosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, mzigo hakuna, mpaka kidonda kikafunga na manyoya yakaanza kuota, meupe. Yale manyoya meupe yatabaki hapo, na kila mtu atajua ni mimi.

Sasa nikajiuliza nimvalishe nini. Nikakumbuka ulivyokuwa unatuhadithia juu ya wageni wa huko Timau, wanakuja kupanda farasi na wanachagua nguo nyekundu, ile iliyojaa kama mto wa kulalia, kwa sababu inatoka vizuri kwa picha. Na wewe unairudisha polepole na kuleta ya sufu iliyofifia. "Mama, hii inakunywa jasho. Ile nyingine inalichemsha tu mgongoni." Ulituchekesha mpaka baba yako akamwaga uji. Basi nikatafuta sufu nyumba nzima. Sweta zetu zote ni nailoni, nilizijaribu kwa maji moja moja. Sufu ilikuwa moja tu, ndani ya sanduku lako.

Na sanduku lako nilikuwa sijalifungua. Nguo zako zilikuwa hazijagawanywa. Kila mara nilisema wiki ijayo. Mwisho shangazi yako akashuka kutoka Runyenjes na mfuko mtupu, kwa sababu yeye ndiye aliyekupa jina, na aliyetoa jina huanza kuchagua. Akaketi kwa kitanda chako.

"Mama Njeru, sina tamaa ya mengi. Nipe ile blanketi tu. Kule kwetu baridi, hata majani chai yanatetemeka."

Nikamwambia, wifi, hiyo nataka kuikatia Chifu.

Heh! Ungemsikia. "Punda avae sufu, mimi nirudi Runyenjes nikajifunike gunia? Huyo ni punda ama ni mkwe wenu?" Cucu akacheka huko kwake nje. Mimi sikucheka. Nikamshika mkono nikampeleka zizini, nikamwonyesha pale penye manyoya meupe. Akapagusa kwa kidole kimoja. Akauliza nani amempiga. Nikamwambia hakupigwa, ni mimi na magodoro yangu. Akasema, "Basi kata. Lakini unikatie na mimi ya magoti, ya kanisani."

Mkasi ulikuwa wa Wawira. Nilifunga macho mara ya kwanza, ukaenda kombo. Shangazi yako akaondoka na kipande chake, na fulana zako mbili, na viatu. Viatu vilimbana, akavichukua tu.

Nguo nimeitengeneza vile ulitengeneza ile ya kwanza, nilivyokumbuka. Pande mbili zimeshonwa kwa sindano ya gunia, katikati nimeacha mfereji ili uti wa mgongo upumue. Sikutumia sabuni ya unga, usiwe na wasiwasi, sijasahau ulivyonigombeza siku ile. Nilitumia kipande, kidogo, na nikasuuza mara tatu. Maji ya kusuuza mara tatu katika kiangazi hiki! Wawira alinitazama kama mwizi. Nikaianika kivulini. Nikaipapasa yote kwa kiganja, nikapata miiba miwili. Na siku ya kumvalisha niliiweka mbele shingoni kisha nikaivuta nyuma, ili manyoya yalale. Chifu aligeuza kichwa akaitazama. Sijui alitarajia nani.

Juzi alienda kisimani, mitungi miwili tu, nikiwa kando yake njia yote. Hakuyumba. Aliporudi nikaivua. Mgongo umelowa vizuri, upande huu na upande ule, kama ulivyotaka. Isipokuwa upande wa kushoto, nyuma kidogo ya bega. Hapo pakavu. Pakavu kabisa, ukubwa wa kiganja changu.

Na hapo ndipo nimekwama, mwanangu.

Kwa sababu uliniambia. Ulikuwa umerudi kutoka kazini, umekaa kwa ngazi ya jikoni, unakohoa, na ulikuwa unanieleza juu ya jasho. Ulisema, "Pakavu katikati ya jasho ni moja kati ya mawili. Ama pamebanwa sana, ama hapaguswi kabisa. Na ukitaka kujua ni lipi..." Mimi nilikuwa natazama kifua chako. Nilikuwa nahesabu vile unakohoa. Nikakukata maneno, "Kunywa maziwa kwanza, yatapoa." Ukacheka, ukanywa. Halafu homa ikaja wiki ile ile, na hatukurudi kwa yale maneno tena. Ningejua ningeacha yapoe. Ningeacha maziwa yote ya dunia yapoe, Rwamba.

Nimebonyeza pale kwa vidole. Hakuruka. Nimebonyeza tena. Alipiga mkia tu, na mkia hupiga hata nzi. Kama pamebanwa, nitafumua nitoe sufu kidogo. Kama hapaguswi, nitaongeza. Nikikosea, kidonda kitarudi, na safari hii Njeru hataniuliza.

Na nikuambie ukweli wote. Sufu iliyobaki ni kipande kimoja, cha pembeni, chenye doa la chai. Nalijua hilo doa. Ulimwaga ukiwa kitandani, siku zile za mwisho, ukaniomba msamaha kama mgeni. Kipande hicho nakilalia chini ya shavu. Kwa hivyo kila nikitazama mgongo wa Chifu, kitu ndani yangu kinasema haraka haraka, toa, toa, usiongeze. Si kwamba najua. Ni kwa sababu nataka kubaki nacho. Najiogopa.

Basi sitaamua peke yangu. Nakuahidi hivi: mpaka unijibu, Chifu hatabeba hata kikombe. Maji nitabeba mimi, mtungi mgongoni na kamba yangu kichwani kama zamani. Najua ulimleta ili ile kamba itoke kichwani mwangu, usinune. Nitakwenda polepole, nitapumzika kwa lile jiwe kubwa. Na ukiniambia niongeze, nitaongeza. Mkasi uko hapa juu ya meza, nimeuosha.

Lala salama, mwanangu, lala vizuri. Sikuandikii nikulaumu wala nikusumbue. Wewe hukuwa mtu wa kukaa na barua. Huko Timau nilikuwa nikituma neno Jumatatu, Ijumaa una jibu. Nijibu kwa njia yoyote utakayopata huko, hata kama ni neno moja tu, toa ama ongeza. Ila fanya haraka, mwanangu, kisima ni mbali.

Ni mimi mama yako.