Udi wa Hilal

Jumapili, 2 Novemba

Nimetoka kazini saa tisa u nusu. Nimevua viatu, nimefungua mlango wa ukumbi, moshi wa udi umenipokea. Udi wa mchana, Jumapili ambayo huku ni siku ya kazi, hakuna mgeni wala arusi. Mwezi wa tatu huu. Mama anajisifu kwenye simu kwa mashoga zake: Hilal wangu ametengenea, haipiti alasiri hajaifukiza nyumba. Anasema tangu aachane na mkewe mtoto amemrudia Mungu. Mtoto huyo, ndugu yangu, ana miaka thelathini na sita, ni mhandisi, na mvi zimeshaanza kuchungulia kwenye ndevu.

Mimi najua udi ule unafunika nini. Bangi. Nilimkuta mwezi wa nane, mlango wa hamamu yake haukufungika vizuri, msokoto mdomoni. Sikusema kwa mtu. Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo.

Jumanne, 4 Novemba

Hilal ana adabu zake, na hizo adabu ndizo zinazonitia kichefuchefu. Taulo bichi chini ya mlango. Feni ya kutolea hewa. Havuti ila Mama amelala mchana. Ijumaa havuti kabisa, ati kuiheshimu siku. Akimaliza anapiga mswaki, anabadilisha kanzu, anatia makaa kwenye chetezo na kuzunguka vyumba vyote, hata changu. Kisha anakaa ukumbini na macho yake mekundu, anakula halua kwa kijiko cha supu, anamchekea Mama kwa sauti laini ya kipumbavu. Mama anamwita nuru ya nyumba.

Nilipomkabili aliniambia hamsumbui mtu, anavuta kwake, kwa heshima. Heshima! Nchi hii ya Waarabu mtu anafungwa kwa kipande kisichofika ukucha, na polisi wakiingia mtaani kwetu Azaiba hawatauliza kama taulo lilikuwa bichi. Bangi yenyewe anaiweka ndani ya kopo la udi, la bati, juu ya kabati la hamamu. Nani atashuku udi, anasema, kwa watu wa Unguja kama sisi?

Anayesafisha hamamu ile ni Prossy, binti wa Kiganda anayetusaidia kazi. Mwaka wa pili yuko nasi. Karatasi zake ziko kwa jina langu, mimi ndiye kafili, mdhamini wake. Leo nimemwona anatoka na ndoo, kichwa chini. Nikageuza uso.

Alhamisi, 6 Novemba

Matayarisho ya khitma ya marehemu baba. Jumamosi, wanawake tu. Mama ameagiza halua, nimekwenda kuichukua Matrah baada ya kazi, nikakwama saa nzima kutafuta pahala pa kuegesha gari. Nimerudi, udi. Nimekula chakula changu jikoni nimeziba pua kwa mtandio. Mama akaniuliza nina nini. Mafua, nikamwambia.

Jumamosi, 8 Novemba



Wageni kumi na wanane. Kisomo kimekwisha salama, dua imekwisha, Mama akataka kufukiza watu kabla ya kahawa. Udi wake umemalizika. Hilal hayupo, ametoka kuwapisha wanawake. Mama akaenda chumbani kwake, akaingia hadi hamamu, akarudi na lile kopo amelikumbatia. Mimi nilikuwa jikoni na Prossy tunapanga vikombe. Sikuona. Ningeona ningelivamia.

Ametia makonzi mawili kwenye makaa. Moshi umetoka mzito. Na Mama, kwa heshima zake zote, akaanza kupita kwa mgeni mmoja mmoja kama ilivyo ada, anaingiza chetezo chini ya mabaibui yao, anawafunulia shela ili nywele zipate harufu. Bangi. Kwenye nywele za vikongwe waliotoka kumsomea baba Yasini. Mmoja akaisifu. Mwengine akauliza udi gani huu wenye harufu ya majani.

Alipofika kwa Bi Thuraya, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane wa afisa wa polisi, Bi Thuraya alikisukuma chetezo kwa kidole kimoja.

"Bi Salma, huu si udi. Marehemu mume wangu akirudi na harufu hii nguoni kila akikamata watu. Uzime."

Nimetoka mbio na jagi la maji. Jivu limeruka mpaka kwenye mazulia. Wageni wameondoka bila ya kahawa, kila mtu amekumbuka ana shughuli. Bi Thuraya alikuwa wa mwisho. Alinishika mkono mlangoni: "Isafisheni nyumba yenu, mwanangu, kabla mimi sijaulizwa nikalazimika kujibu."

Nimeoga mara tatu. Harufu haitoki.

Jumapili, 9 Novemba

Hilal amesema ni ya Prossy.

Amesema mbele yangu. Macho chini, sauti taratibu. Ati ameshamwona mara mbili akichezea lile kopo, ati aliificha hamamuni kwake Hilal kwa kuwa hapo hapatashukiwa. Mama akaitikia hata kabla hajamaliza. Akaenda kumpekua. Begi la binti wa watu limemwagwa sakafuni penye mashine ya kufulia: Biblia, mafuta ya nywele, picha ya mtoto wake amevaa sare ya skuli. Hakikuonekana kitu. Basi kule kutoonekana kitu nako kukawa ushahidi.

Mama anataka nimpeleke polisi mimi mwenyewe, niwahi kabla Bi Thuraya hajafungua mdomo. Mimi ndiye kafili, neno langu litatosha. Prossy aliniangalia. Mimi niliangalia picha ya yule mtoto. 

Nimekuwa na miezi mitatu ya kusema. Najionea kinyaa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemwambia Hilal aseme ukweli. Akalia. Kweli akalia, makamasi na kila kitu, akayafuta kwa mkono wa kanzu. "Yeye watamrudisha kwao tu, dada. Mimi n'tafungwa. Nisitiri."

Tu! Anajua vizuri hawatamrudisha tu.

Sitara. Tumelelewa na neno hili. Aibu ya ndugu hufunikwa, na mwenye kumsitiri mwenziwe naye atasitiriwa. Hakuna aliyetufunza tufunike kwa kitu gani. Kumbe sisi tunafunika kwa mtu.

Kazini sikula na wenzangu. Chai na mkate, basi, sina jengine tumboni.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwambia Mama. Baada ya alfajiri, yupo juu ya msala. Yote: mwezi wa nane, taulo, kopo. Nilidhani ataanguka. Hakuacha hata kuvuta tasbihi.

"Nnajua," kasema. "Tangu chetezo kilipofuka. Mjomba wako akivuta vile vile, Ng'ambo kule Unguja, marehemu bibi yako akimfichia. Wadhani nna pua ya mbao?"

Nikamuuliza, na Prossy?

"Prossy naye ana mamake. Amlilie huyo."

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, ndivyo tulivyofunzwa. Mama yeye amepata mama mwengine wa kulia kwa niaba yake, huko Uganda, asiyejua hata kama kuna jambo. Nilimwangalia mzee wangu, uso wake una maji ya udhu, mzuri, nikahisi karaha ambayo sikupata kuihisi kwa mtu yeyote. Kwa mama yangu. Nimeandika, na sifuti.

Nikamwambia: Prossy akifikishwa polisi, nami nafika nyuma yake. Lile kopo Hilal ameshalitupa, yaliyokuwemo kayamwaga chooni, lakini ulimi ninao. Akaukunja msala. Kisha akasema jambo moja: basi Prossy aondoke tu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimepata njia. Mwenzangu kazini, wa Al Amerat, amejifungua pacha, anatafuta msaidizi tangu mwezi uliopita. Mtu mwema. Nitamhamishia karatasi. Hakuna polisi, hakuna uwanja wa ndege. Mama amekubali. Hilal ameubusu mkono wangu na mimi nimekwenda kuuosha.

Fomu ina mstari wa sababu ya kuhama. Nimekaa nao muda. Kuandika ukweli ni kumfunga ndugu yangu. Kuandika uongo wa Mama ni kumfunga Prossy. Nimeandika: mfanyakazi ameomba mwenyewe.

Nikampelekea kutia saini. Fomu ni ya Kiarabu, akaniuliza hapo pameandikwa nini. Nikamsomea.

"Mimi sikuomba, madam."

Nikasema najua. Akachukua kalamu. Akatia saini pole pole, jina lake zima. Kisha akanirudishia na kusema, bila hasira yoyote, jambo ambalo nadhani n'tazikwa nalo:

"Hiyo hamamu ni mimi nasafisha kila siku. Nilijua kutoka zamani. Mimi nani ataniamini? Nilikuwa nangoja wewe useme."

Alhamisi, 13 Novemba

Nimempeleka Al Amerat asubuhi. Njia yote ya milimani alikuwa amelipakata begi lake. Mwenzangu amempokea vizuri, amempa chumba chenye dirisha. Prossy hakugeuka nyuma. Nilichelewa kazini dakika arubaini.

Ijumaa, 14 Novemba

Tumekula cha mchana watatu, baada ya Hilal kurudi kutoka msikitini. Nguru wa kupaka na wali. Nimepika mwenyewe.

Bi Thuraya ameleta sahani ya vitumbua na salamu: afadhali mmemwondoa yule msichana, hawa watu wa nje wataziharibu nyumba zetu. Mama akamjibu ahsante sana, jirani, Mungu ametusitiri. Alisema hivyo mbele yangu, na mimi nilikuwa nimeishika sahani.

Hilal amenipakulia yeye. Amenichagulia kipande kinono, ametoa miiba kwa vidole vyake, ameweka pembeni ya wali wangu. Mama ameuliza kama chumvi imekolea.

Nikasema imekolea. Samaki alikuwa mtamu. Nimekula chote, nikaomba kipande cha pili.